Saruji Juu ya Matumbawe

Mwanakuu, binti wa dada yangu Nasiha, Mungu amrehemu, alinijia na daftari baada ya sala ya alasiri. Mwalimu Loise amemwambia kila mtoto aulize vipi mawe huzaliwa na vipi hugeuka.

"Kwani huyo mwalimu hana vitabu?" nikamfokea. Nikiudhika husema ovyo, Mji wa Kale wote wanijua.

"Amesema tuulize mafundi, mjomba Faraj. Na wewe ni fundi."

Fundi! Tangu mvua za mwaka juzi, zile za El Niño, neno hilo hunichoma. Mtoto huyu wa miaka kumi na moja ameambiwa na kila mtu kwamba ni mvua iliyoangusha ukuta ukamuua mamake, na mimi sijamkosoa yeyote. Nilijua maswali yake yatafika wapi. Nilitaka kumfukuza, nikashindwa.

"Haya, andika. Jiwe la nyumba zetu lilianza na vidudu."

Akacheka.

"Wacheka nini? Vidudu vya baharini, vidogo kama punje za mchele. Kila kimoja hujijengea kijumba kigumu. Kikifa, kingine hujenga juu yake, miaka maelfu kwa maelfu, mpaka yakawa matumbawe. Bahari ikashuka, yakabaki juu makavu. Hapa tulipo mpaka Makupa, twatembea juu ya makaburi ya vidudu."

"Halafu jiwe hubaki hivyo hivyo?"

"Ng'o! Mvua hulilamba kidogo kidogo, likafanya mapango. Na sisi twalichoma tanuuni mpaka likawa chokaa. Chokaa tukaitia maji, ikachemka, tukaipaka ukutani. Hapo huvuta hewa polepole mpaka ikarudi kuwa jiwe tena. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unyevu ukiingia, hupata pa kutokea."

Akaandika yote. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na ukuta wetu?"

Lo, hapo ndipo nilipojua tutafika.

"Wenu ulikuwa ukipukutika chokaa. Mamako alikuwa kitandani na kifua chake, ule unga wamwangukia, akohoa kutwa kucha. Basi ukapigwa plasta ya saruji, ndani na nje. Wallahi ulipendeza. Mzee Mung'aro, mchoma chokaa wa Majengo, akapita akasema, 'Mwauziba pumzi ukuta huu.' Akaambiwa mshamba huyo, arudi kwao."

"Kisha?"

"Mvua ikaingia kwa juu, penye paa. Maji yakashuka katikati ya ukuta yasipate pa kutokea. Udongo na chokaa iliyoshika mawe ikawa uji. Nje saruji kavu, yang'aa. Saa tano ya asubuhi, we ukiwa skuli, ukaanguka wote."

Kalamu ikasimama. "Nani aliyetia saruji?"

Ningeweza kusema fundi mmoja wa Ganjoni, amehama. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni.

"Mimi."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliniangalia mikono, si uso.

"Ulikuwa hujui, mjomba?"

"Nilikuwa sijui," nikasema, na papo hapo nikaona haya, maana aliyemwita Mung'aro mshamba ni mimi. "Niliambiwa. Nikajiona mjuzi. Nilitaka mamako apumzike na lile vumbi, Mwanakuu, hilo tu ndilo nililotaka."

Akafunga daftari taratibu. Nilidhani yameisha, nikaanza kutafuta kofia yangu nitoke.

"Na mama mwenyewe," akauliza, "hakusikia kitu?"

Nikaketi tena.

"Alisikia. Siku mbili kabla, aliniita. 'Faraj, nasikia mawe yasogea ndani ya ukuta.' Nikaupapasa, mkavu. Nikamwambia hiyo ni homa tu, alale."