Kunde za Upande Wangu

Mume wangu aliingia shambani na panga, amenuna. "Mama watoto, kunde zako zinanyonga mahindi!"

Kweli, kosa lilikuwa langu. Nilizipanda upande wangu wa shamba siku moja na mahindi badala ya kusubiri yafike magotini, sasa zimelaza mistari miwili. Lakini kuzifyeka zote?

"Fyeka!" nikafoka. "Ila kwanza ingiza mkono chini ya majani."

Akaingiza, akaguna. Wiki tatu bila mvua, na bado udongo mbichi ulimganda vidoleni.

"Sasa kashike wa upande wako, uliopalilia mpaka ukang'aa."

Hakwenda. Kutoka pale tuliuona, umepasuka kama visigino.

Akanipa panga. "Kata zilizokwea tu," akasema kwa sauti ya chini. "Mbegu zilibaki?"

"Omba vizuri," nikamjibu.