Kilio Ndani ya Ukumbi wa Projestus

Habari hii niliipata kwa mdogo wangu Evaresta, mwaka juzi mwezi wa tisa, alipokuja kwangu Nyabiyonza kunisaidia kuanika kahawa. Yeye ameolewa Isingiro, kule Kyerwa. Tulikuwa tunachagua punje mbovu kwenye turubai, akaanza tu bila kuulizwa: "Dada, ukumbi wetu haupo tena." Alinieleza kwa siku mbili, maana kila akifika mahali pa jirani yake Celestina alikuwa anaacha, anarudi kwenye kahawa.

Mume wake ni Projestus. Mwaka tisini na sita alijenga nyumba ndefu ya tofali za udongo pembeni mwa kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba la ukoo, karibu na barabara, akaezeka bati, na ukuta mmoja wa ndani akaupaka chokaa nyeupe. Mwanzo alikuwa na televisheni na deki, anawasha kwa jenereta. Baadaye akapata projekta, picha zikajaa ukuta mzima. Mabenchi yalikuwa kumi na mawili. Watu walikuja kwa miguu kutoka mpaka Nkwenda.

Sinema zenyewe zilikuwa za Kichina na za Kihindi, hakuna aliyezielewa. Projestus naye hakuzielewa. Alishika kipaza sauti akazisema kwa Kinyambo chetu kama alivyotaka. Mtu akipigana na watu kumi, Projestus anasema huyu anadai mahari yake irudishwe. Mwanamke akilia, anasema mbuzi wa jirani wamemlia migomba. Nilikwenda mara moja. Sinema siikumbuki hata kidogo, mdomo wa shemeji ndio ninaoukumbuka.

Sasa umeme ukafika, watu wakanunua simu, sinema zikaja ndani ya flashi zimekwisha kutafsiriwa. Mpira waliokuwa wanautazama kwake ukahamia baa. Kwa Projestus wakabaki wazee watatu wanaokuja kukwepa mvua. Na baba yake alikuwa amefariki, kibanja kikaenda kwa Melkiory, kaka yake mkubwa, kama ukoo ulivyopanga. Ukumbi ukawa umesimama kwenye ardhi ya kaka.

Jumatatu moja Melkiory akaja na wazee wawili wa ukoo.

"Mdogo wangu," akasema, "mle ndani wanalala popo. Mimi nataka kupanda migomba."

"Popo nao ni watazamaji. Na hawapigi kelele."

"Hawalipi."

"Wewe ulilipa lini, kaka? Tangu tisini na sita unaingia bure."

Wazee wakacheka, Melkiory pia akacheka kidogo. Ndipo akasema neno lake. Jumapili ijayo mabenchi yote kumi na mawili yakijaa, hatagusa hata bati moja mpaka afe. Yasipojaa, Jumatatu anakuja na ngazi kuezua bati. Wazee wakasikia, Projestus akakubali.

Evaresta anasema mumewe hakula siku ile. Hana kahawa ya maana, hana ng'ombe. Kitu alichofanya duniani kikaonekana ni ule ukumbi tu. Halafu akakumbuka kanda. Enzi zile alikuwa anapiga video harusi zote za pale senta. Kanda zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Akapanda gari mpaka Kayanga, kwa mpiga picha mmoja, zikahamishiwa kwenye flashi. Aliporudi akazunguka nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama. Jumapili njoo ujione ulivyokuwa kijana."

"Marahaba. Na yule mume wangu wa kwanza yumo?"

"Yumo, anacheza."

"Basi siji," akasema yule mama, na kumbe alikuja wa kwanza.

Jumapili saa nane mchana watu wakatoka makanisani, Walutheri na Wakatoliki, wakaingia. Projestus alipowasha, mabenchi saba yalikuwa yamejaa na wengine wako njiani. Alianza na harusi ya Melkiory mwenyewe, ya mwaka elfu mbili na moja, ili kaka alainike. Melkiory alionekana ukutani, mwembamba, suti ya kuazima imemzidi mabega. Watu wakapiga makofi. Projestus akashika kipaza sauti: "Huyu bwana harusi ameambiwa asipumue, vifungo vitaruka." Benchi la nane likajaa, la tisa likajaa. Evaresta alikuwa mlangoni anahesabu kwa vidole.

Celestina alikaa mbele kabisa kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Ni jirani yao, mjane. Alikuwa na mtoto mmoja, Nestory, aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu. Mwaka elfu mbili na tisa shimo lilibomoka, waliokuwa ndani hawakutolewa. Mwili haukuja. Kwetu mwili usipokuja, kilio hakina pa kuanzia. Celestina hakulia. Ukimuuliza habari za Nestory alisema, "Amechelewa," akabadilisha maneno.

Projestus alikuwa amesahau kwamba Nestory alicheza kwenye harusi ile. Akatokea ukutani, mrefu kuliko watu wote, shati la njano, mikono imeinuliwa kama pembe za ng'ombe, ndivyo tunavyocheza kwetu. Akasogea mpaka karibu na kamera, akatabasamu.

Celestina akasimama. Akaweka mikono kichwani, akapiga kilio.

Si kilio cha mtu anayefuta machozi. Ni kile cha msiba, kinachovuka kibanja na kibanja. Kwetu ukikisikia huulizi. Unaacha ulichoshika, unabeba jembe au mkungu wa ndizi, unakwenda.

Evaresta akakimbilia kwa mumewe. "Zima," akamwambia sikioni. "Zima, mtoe nje, sema ameshtuka. Watu wakifika na majembe humu ndani, ukumbi umekuwa wa msiba, umekwisha."

Projestus alijua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe.

"Waitu, nakuomba, Projestus," Celestina akasema. "Mrudishe."

"Mama Nestory..."

"Mrudishe, mwanangu. Sijamwona vizuri."

Projestus akamwangalia mke wake. "Hajawahi kumlilia," akasema. Akarudisha picha nyuma. Nestory akacheza tena. Celestina akalia tena, na akina mama wa benchi la pili wakakipokea kilio.

Basi watu wakaja. Walikuja kutoka pande zote za senta, na majembe, na ndizi, na kuni. Kila anayefika anauliza, "Ni nani?" Anaambiwa, "Nestory." "Nestory yupi?" Anaonyeshwa ukutani. Benchi la kumi na mbili likajaa, watu wakakaa chini, wakasimama mpaka nje. Na Projestus anarudisha, anarudisha, mpaka umeme ukakatika wenyewe jioni.

Kaijage, mwendesha bodaboda, akamwambia Melkiory pale mlangoni, "Mzee, mabenchi yamejaa."

"Yamejaa msiba," Melkiory akasema.

Wazee wakaamua kwamba Nestory hakuwahi kuliliwa, kwa hiyo huu ndio msiba wake, na umeanzia pale ulipoanzia. Watu wakakaa ukumbini siku nne. Wakazika shati lake moja nyuma ya nyumba ya mama yake. Na ukumbi, wakasema, ukae kimya mwaka mzima.

Siku ya tano Melkiory akaja peke yake.

"Yalijaa, kaka," Projestus akasema.

"Yalijaa, sikatai. Ukitaka nikuachie, nakuachia, wazee walisikia. Nieleze tu. Mwaka ukiisha, nani ataingia humo kucheka? Wewe mwenyewe utashika kipaza sauti mbele ya ule ukuta?"

Evaresta anasema alimtazama mumewe, akingoja jibu. Mtu aliyesemea Wachina na Wahindi miaka yote ile akaenda akaufunga mlango wa ukumbi.

"Lete ngazi," akasema.

Na yeye ndiye aliyeishika ngazi wakati bati zinashuka. Ule ukuta mweupe waliuacha, lakini mvua za mwezi ule zikala chokaa, halafu tofali. Sasa pana migomba michanga.

Celestina anakuja kwao karibu kila siku. Hana simu. Siku moja kabla Evaresta hajaja kwangu, yule mama alikuja baada ya chakula cha mchana, mvua ikamfungia. Akaketi kwenye benchi moja waliloliweka sebuleni.

"Nionyeshe," akasema.

Projestus akamwekea Nestory kwenye simu yake. Celestina akaileta karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza.

"Ni mdogo hivi," akasema. "Simwoni. Kule alikuwa mkubwa."

"Ndiyo, mama. Kule alikuwa mkubwa."

"Hakuna pengine pa kumwona?"

"Hakuna. Projekta nayo imeharibika."

Akabaki ameishika vilevile. Mvua ilikuwa inapiga bati za jiko, zile zile za ukumbi ambazo Melkiory aliwapa waezekee. Projestus akaegemea ukuta, akasinzia, akalala. Celestina naye kichwa kikaanguka, simu mapajani inacheza harusi. Evaresta akaichukua, akaizima. Akakaa mwisho wa benchi akingoja mvua ikatike ili amsindikize yule mama. Haikukatika, na yeye akalala.