Kifuniko cha Nne na cha Sita

Alikuwapo mchimba visima ambaye watu wote walimwita Fuko, na mdogo wake wa kike alikuwa mwalimu wa sayansi. Cheti cha mwalimu kilitundikwa sebuleni kwa mama yao, juu ya kiti anachokalia Fuko, hivyo kila akijiegemeza kisogo chake kinagonga kioo. Mama husema: angalia cheti. Hajawahi kusema: angalia kichwa.

Fuko alikwishachimba visima thelathini na kimoja, na nusu ya mji inakunywa humo. Lakini kisima hakitundikwi ukutani. Mwalimu akija kusalimia, mama hufuta kiti, akamtolea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kilicho kimoja tu nyumba nzima. Fuko hunywea kikombe cha plastiki kilichoungua ukingo. Na kilichozidi kumuuma ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Shule aliiacha mwenyewe, darasa la tano, akitamba kwamba shimoni kuna raha kuliko dawatini. Angepata mtu wa kumsingizia, pengine roho ingetulia. Hakumpata, basi kijicho kikakaa naye miaka ishirini kama mpangaji asiyehama.

Siku moja alasiri mwalimu alikuja na ombi. Kesho yake mkaguzi angeingia darasani kwake, na ripoti yake ndiyo ingeamua kama atapewa ukuu wa idara ya sayansi au atapewa mwingine. Somo lilikuwa tabaka za ardhi. Akaomba kuazima chupa za kaka yake.

Fuko alikuwa na desturi: kila akishuka pima moja, kiasi cha urefu wa mtu, anajaza chupa ya jemu udongo wa hapo, kisha anakwaruza kifuniko kwa msumari, mkwaruzo mmoja kwa kila pima. Kisima chake kizuri kuliko vyote alikuwa nacho rafuni, chupa sita. Udongo mweusi, udongo mwekundu, mwekundu wenye changarawe, mchanga mkavu, kokoto zenye maji, na mwisho mfinyanzi mzito wa kijivu. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari zake.

Alikuwa bado anafikiri ajibu nini, mama akadakia.

"Mpe mwenzio, baba. Angalau nazo zipate kazi ya maana."

Fuko akasema sawa, ngoja nizipanguse vumbi. Akaingia chumbani kwake. Alifungua chupa ya nne na ya sita, akabadilisha vifuniko, akakaza, akazipanga ndani ya boksi. Sebuleni alisikia kijiko kikigonga kikombe chenye kisahani. Akatoka, akasema naye atakuja kesho, kuchunga mali yake. Mwalimu alifurahi mno, akamwambia, "Nitakuwekea kiti, kaka."

Kiti kilikuwa nyuma, karibu na mkaguzi, mtu mnene mwenye daftari gumu. Mwalimu alipanga chupa mezani kwa kuhesabu mikwaruzo. Akafundisha vizuri, Fuko alilazimika kukiri. Aliwaambia watoto kwamba kushuka ardhini ni kurudi zamani, kwamba udongo wa chini ulilala pale kabla ya wa juu. Watoto walinakili: nne, mfinyanzi, tano, kokoto zenye maji, sita, mchanga mkavu. Fuko akawa anasubiri, moyo ukimcheza kama wa mtu aliyetega panya.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Alitaka kujua: kama chini ya maji kuna mchanga mkavu, maji yanashikiliwa na nini? Mbona hayavuji yote?

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. Akasema kwa sauti ya taratibu kwamba swali ni zuri, naye pia angependa jibu, maana kitabu kinasema vingine.

Mwalimu akaziangalia chupa. Fuko akajua sasa mdogo wake anaanguka, na akajua pia ataangukia wapi: atasema chupa ni za kaka, mtu wa darasa la tano, amechanganya. Alijiandaa kulisikia neno hilo. Lingemfaa. Angepata hatimaye sababu ya kumlaumu.

"Kitabu nimekisoma," mwalimu akasema. "Lakini mimi sijashuka humo, na aliyekiandika hajashuka. Kaka yangu ameshuka kwa miguu yake, na hajawahi kukosea kisima. Akisema ndivyo, ndivyo. Tutatafuta sababu mpaka tuipate."

Mkaguzi akainamia daftari. Aliandika muda mrefu.

Fuko alijikuta amesimama. Alikwenda mezani, akafungua chupa ya nne na ya sita, akarudisha kila kifuniko mahali pake.

"Mfinyanzi ndio wa chini," akasema. "Ndio unaoshika maji. Mwalimu hana kosa. Vifuniko nilivibadilisha mimi."

"Kwa bahati mbaya," mwalimu akasema haraka.

"Si kwa bahati mbaya."

Mkaguzi alimtazama Fuko, akamtazama mwalimu, kisha akamwomba mgeni aeleze huo mfinyanzi, wakati ungalipo. Fuko akaeleza. Alisema mchimbaji akifika kokoto zenye maji huingiwa na tamaa ya kushuka zaidi, na mjinga huutoboa mfinyanzi, maji yote yakamkimbilia chini mbele ya macho yake. Aliwapa donge walifinye, wamwagie maji, waone yanavyokaa juu yake kama kwenye bakuli. Watoto wakasahau kuandika. Kengele ililia, hakuna aliyenyanyuka.

Mkaguzi akafunga daftari. Alimwambia mwalimu kwamba anayeweza kusema "tutatafuta" mbele ya mkaguzi anafaa kuongoza idara, na ndivyo atakavyoandika. Lakini mkono wa kwanza alimpa Fuko.

Njiani walishika boksi huku na huku. Mwalimu hakuuliza kwa nini. Aliuliza lini, na Fuko akajibu, jana, wakati unakunywa chai. Wakaenda hatua nyingi.

"Miaka kumi na mmoja nafundisha," mwalimu akasema, macho mbele. "Kengele ikilia, hawajawahi kubaki wamekaa kwa ajili yangu."

Fuko aliitambua sauti hiyo. Alikuwa ameishi nayo miaka ishirini. Akaona haya, na chini ya haya akasikia utamu, wala hakuweza kuufukuza.

Nyumbani mama alileta kikombe chenye kisahani, akamwuliza Fuko, mwanangu mwalimu amefanyaje. Fuko akasema amefaulu. Mwalimu akakisukuma kikombe mbele ya kaka yake, akachukua kile cha plastiki. Chai ilikuwa ileile. Fuko aliinywa yote, akakishikilia kikombe kitupu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na juu ya ukingo ulioungua mdogo wake alikuwa akimtazama, kwa jicho ambalo yeye alilijua vizuri.