Tumbo Lililoelekea Mlimani

Saa tatu kamili asubuhi, kama kila siku kwa miaka kumi na tisa, Mama Milimita alifungua kipima mvua kilichosimama nyuma ya nyumba yake, akachungulia, akaandika sifuri kwenye daftari. Ilikuwa sifuri ya mia moja na kumi na mbili mfululizo. Uwanda wote wa juu, kuanzia uani kwake hadi uzio wa shamba la maua kule mlimani, ulikuwa umepauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta.

Kisha akaweka pimamaji la waashi juu ya kipima mvua, kuhakikisha hakijainama. Kipovu ndani ya kichupa kilikuwa kimekimbilia magharibi. Akatia kokoto chini ya upande wa mashariki, kama alivyofanya kwa wiki tatu, mpaka kipovu kikarudi katikati.

"Mama Milimita!" aliita jirani yake muuza mitumba kutoka ng'ambo ya ua. "Hicho kidude chako kimelewa asubuhi yote hii?"

Mama Milimita alirudi nyuma hatua tano, akatazama. Kweli, kilikuwa kimelala upande. Kumbe tangu mwanzo kilikuwa wima. Maji ya kwenye kichupa ndiyo yaliyokuwa yakivutwa kwenda mashariki, mlimani, ambako pampu tisa za shamba la maua zilinguruma mchana kutwa. Akatoa kokoto zote. Kwenye safu ya maelezo akaandika: maji yameegemea mashariki, nyuzi nne.

Kufikia mwisho wa mwezi zilikuwa saba. Watu walizoea. Waliweka karatasi iliyokunjwa chini ya kikombe, upande wa mlimani, wakaendelea kunywa na kusengenyana.

"Hata chai siku hizi inajua pesa iko wapi," alisema shangazi yake binti wa Mama Milimita, na sebule nzima ikacheka.

Binti mwenyewe hakucheka. Alikuwa na ujauzito wa miezi minane na nusu, na tumbo lake lilikuwa limehamia upande. Akilala ametazama magharibi, anaamka ametazama mashariki. Akisimama, tumbo linatangulia kuelekea mlimani kama mtu aliyeitwa jina.

Wiki ile mke wa fundi viatu alikuwa amejifungua. Chupa ilipopasuka, maji hayakutulia sakafuni. Yalipita chini ya mlango, yakavuka barabara, yakapanda mlima. Mtoto alitoka baadaye, mkavu kama gome la mti, na hakulia. Walimzika siku hiyohiyo.

Mama Milimita alipeleka mwenyewe fomu ya vipimo vya mwezi kwenye ofisi ya maji ya wilaya.

"Nyuzi saba," alimwambia karani. "Na binti yangu amebakiza siku chache."

"Naona, mama. Hata hapa." Karani alikuwa ameweka kifutio chini ya kikombe chake. "Lakini chanzo cha ukame hujajaza."

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: mvua pungufu, ukataji miti, mifugo mingi. Pembeni Mama Milimita alikuwa ameandika kwa kalamu: pampu.

"Hiyo haina kisanduku. Mashine itaitema fomu, na fomu ikitemwa, boza la maji haliji kwenu Ijumaa."

"Si ukichore wewe hicho kisanduku?"

"Nikichore, halafu watoto wangu wale nini?" Akashusha sauti. "Weka mifugo."

"Mifugo ipi, mwanangu? Imekufa yote."

"Ndiyo hivyo. Ilikuwa mingi."

Mama Milimita alifikiria nyumba isiyo na ndoo ya maji siku ya uzazi. Akafuta pampu kwa mstari mmoja, akatia tiki kwenye mifugo.

Uchungu ulianza Alhamisi saa nne asubuhi. Mkunga aliingia, akaangalia tumbo, akaangalia dirisha la mashariki.

"Geuzeni kitanda. Kichwa mlimani, miguu huku. Maji yakitaka kwenda, yapitie kwanza mwilini mwake."

Kitanda kikawa kinateleza chenyewe kuelekea ukutani. Shangazi, muuza mitumba na Mama Milimita wakakishikilia, visigino vikiwa vimekita sakafuni.

"Mama, yananivuta," alisema binti.

"Yavute na wewe. Usiyaachie, mwanangu, nakuomba. Usiyaachie."

Ilichukua saa tano. Mtoto alitoka ameloa, akapiga kelele, na wanawake wakalia machozi yaliyokimbilia masikio ya mashariki.

Ijumaa boza lilikuja, limejazwa kwenye geti la shamba la maua. Dereva aligawa ndoo mbili kwa kila nyumba. Watu walimshukuru. Mama Milimita naye alimshukuru, mara mbili.

Mchana huo walimwogesha mtoto. Maji yalipanda ukingo mmoja wa beseni na mtoto akapanda nayo, akiteleza mikononi mwao, macho yakiwa wazi.

"Mshikeni vizuri," alisema mkunga. "Huyu bado ni maji matupu."

"Mpaka lini?" aliuliza binti.

"Akikua atakauka kidogo kidogo. Hapo mtaweza kumwachia."

Wanawake wanne walimshika, kila mmoja kiungo chake, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutoa mkono.