Sufiani na Bia Yake ya Mwarobaini

Sufuria kubwa la Shadya lilikuwa na kazi moja tu hapa duniani, nayo ni kukorogea unga wa vitumbua. Asubuhi ile alipofunua kawa akakuta majani ya mwarobaini yanaelea kwenye maji ya rangi ya kahawia, na maganda ya balungi yamejikunja pembeni, alisimama akayatazama. Akamwomba Mungu ampe subira. Alipoona subira inachelewa, akaita.

"Baba Hafidha."

"Naam, mke wangu." Sauti ilitoka uani, tena sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kuitwa.

"Sufuria hili la nani?"

"Lako. Nimeliazima kidogo."

"Kwa ruhusa ya nani? Leo nina hitma ya Bibi, watu wanakuja kusoma, Baba yuko njiani kutoka Saadani, na wewe umenichemshia mwarobaini."

"Ulikuwa umelala. Nikaona nisikusumbue."

Huyo ndiye Sufiani. Hakuwa mkaidi wala mkorofi, na hilo ndilo lililomchosha Shadya zaidi, maana mkorofi unagombana naye yakaisha. Sufiani ukimgombeza alikubali makosa yote, akakushukuru kwa kumkumbusha, kisha ukamkuta tena uani analisugua sufuria lako kwa mchanga kwa sababu limeshika uchungu usiotoka. Wateja wake wa vitumbua pale Dunda, Bagamoyo, walikuwa wameanza kusema. Bi mmoja wa mtaa wa pili alirudisha vitumbua vyake vikiwa bado vya moto, akauliza kwa upole kama siku hizi Shadya anavitia dawa ya homa.

Na yote hayo kwa sababu ya bia ambayo mwanamume mwenyewe alikwisha kuiacha.

Kabla hawajaoana, Sufiani alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya ufukweni, na huko ndiko alikojifunza kunywa bia ya kopo iitwayo Mnara Mwekundu. Si bia kama hizi za kila siku. Wenyewe huiita IPA, nayo imefanywa chungu makusudi, ina harufu ya machungwa na maembe, na anayeipenda hasikii la mtu. Sufiani alikuwa hasikii la mtu. Alianza na makopo yaliyosazwa na wageni, akaishia kuyanunua mwenyewe, mpaka mtaa mzima ukajua kijana yule anarudi nyumbani amekumbatia kuta.

Siku ya posa, Mzee Ausi, baba yake Shadya, hakuuliza habari za ukoo wala kazi. Alikuwa askari wa hifadhi kule Saadani, amestaafu lakini pua yake haijastaafu, na kwa miaka mingi ilikuwa ikimpeleka moja kwa moja kwenye moto wa majangili. Alimwambia Sufiani mbele ya washenga, "Mimi nakutaka uache. Na siku nitakayoinusa pombe nyumbani kwako, namchukua mwanangu, na hatutaulizana." Sufiani akaapa. Kesho yake akaomba atolewe baa apelekwe kufua mashuka, na wenzake wakamcheka mpaka wakachoka.

Kiapo alikishika. Shadya hakuwa na shaka na hilo. Lakini mtoto wao Hafidha alipoanza kutembea, Sufiani akajiwa na wazo, na Shadya angempata aliyempa wazo lile angemshughulikia. Alisema ataitengeneza Mnara Mwekundu hapa hapa nyumbani, ladha ile ile, bila pombe ndani yake. Vinywaji vya kimea vya dukani alivijaribu, akasema ni sukari tupu. Kimea akaletewa na shangazi yake Mina kutoka Ubena, aliyeambiwa ni cha uji wa mtoto. Mmea wa Ulaya unaoipa bia ile uchungu wake haupatikani Bagamoyo, kwa hiyo akatafuta uchungu wa kwetu. Alijaribu shubiri, nyumba ikanuka wiki nzima. Alijaribu maganda ya ndimu. Mwisho akatulia kwenye mwarobaini, ambao akiupunguza unakuwa chai na akiuzidisha hakuna mtu anayemeza.

Na kila alichokichemsha, alikuja nacho kwa mkewe. Alichota kwenye kikombe, akakipeleka puani, akafumba macho, kisha akamkabidhi Shadya.

"Onja. Kimepungua nini?"

"Nitajuaje kilichopungua, na hiyo bia sijaiona ila kopo lake limetupwa ufukweni?"

"Wewe niambie tu unavyoisikia. Ina uchungu gani?"

"Uchungu wa ndoa."

"Unaanza mbele ya ulimi au nyuma?"

Alikuwa hatanii. Alingoja jibu kama mtu aliyepeleka mtoto kwa daktari, na Shadya, ambaye alikuwa na mchele wa kusaga na nazi za kukuna, alijikuta akijibu kuwa unaanza nyuma, na balungi halisikiki kabisa. Sufiani alitikisa kichwa, akarudi uani kuongeza maganda.

Kilichomkera Shadya si sufuria peke yake. Chini ya kero kulikuwa na woga, na woga huo hakuutaja kwa mtu. Aliona mumewe anaizunguka bia ile, kila mara kwa karibu zaidi, na alijua kuwa ikimtia mkononi tena atampoteza mumewe, baba yake amchukue yeye Shadya au asimchukue.

Basi asubuhi ile ya hitma alimimina ule mchemsho wote ndani ya ndoo, akaisukuma uani kwa mguu, akalisugua sufuria mpaka mikono ikauma. Akakoroga unga wake wa mchele na tui, akatia iliki. Chachu aliichota kwenye kopo, ile aliyokuwa akiibakiza kila alipopika ili iumue unga wa siku ya pili, kama Bibi Zuwena alivyomfundisha. Alipolifungua kopo siku chache nyuma aliikuta imepungua, akadhani ni yeye aliyechota nyingi mno. Hakulifikiria zaidi.

Hitma ilikuwa ya huyo Bibi Zuwena mwenyewe, mama yake Mzee Ausi. Wanaume walikaa sebuleni juu ya mikeka, wanawake uani. Mzee Ausi alifika na kanzu yake nyeupe, Sufiani akamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikiwa, "Marahaba," na pua ya mzee ikapita begani kwa mkwe, kama kawaida yake, ikaridhika. Msahafu ukasomwa, kila mmoja na juzuu yake, mpaka ukahitimishwa. Mwalimu Abdillah wa madrasa akainua mikono kuomba dua. Watu wakaitikia amina.

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, kitu kikalia pa.

Mwalimu Abdillah akanyamaza kidogo, akaendelea. Akamwombea marehemu kaburi pana. Amina. Pa. Safari hii kilifuata cha pili, na cha tatu, na kitu kidogo kikagonga bati la dari na kurudi chini kikibingirika. Khamis, jirani yao, akanong'ona kuwa ni nyaya za umeme, mtu akazime swichi. Shadya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vitumbua, na alipomtazama mumewe aliona uso wa mtu aliyekwisha kujua. Povu la kahawia likatoka chini ya pazia, likatambaa sakafuni bila haraka, likalowesha ukingo wa mkeka karibu na mguu wa Mzee Ausi. Harufu ikaja nyuma yake, na ile haikuhitaji pua ya askari wa hifadhi.

Dua ilifupishwa. Watu wa Dunda wana adabu. Kila mtu alikumbuka jambo lililomngoja kwake, na vitumbua vilivyokuwa viliwe pale na chai vilifungwa vikaondoka na wenyewe. Nyumba ikabaki na watu watatu, na mtoto amelala.

Mzee Ausi alivua kofia, akaivaa tena. "Shadya, funga mizigo yako."

"Mzee," alisema Sufiani, "si pombe. Ni maji ya kimea na mwarobaini. Tatizo yalikuwa hayana povu. Nikachota kidogo chachu ya vitumbua ya Mama Hafidha, nikatia na sukari, nikazifunga chupa vizuri, nikaziweka nyuma ya kitanda. Chachu ile tunaila kila siku. Nikaona haina neno."

"Ukiipika ni chakula. Ukiifungia kwenye chupa na sukari unadhani inafanya nini humo, inalala?"

Ilionekana wazi kuwa Sufiani hakuwahi kujiuliza. Mhudumu wa baa mzima, alijua bia ikishatiwa kwenye kopo, hakujua inakotoka, na kwake chachu ilikuwa kitu cha mke, cha jikoni, kisicho na dhambi. Shadya alimwangalia, akahisi hasira imempanda. Kisha akamwangalia baba yake aliyekuwa akingoja mizigo, na hasira ikawa ya wote wawili.

"Baba, Bibi alikuwa akiumulia nini vitumbua?"

"Usimwingize marehemu."

"Leo ni hitma yake, nimwingize lini? Alikuwa akiumulia tembo la mnazi. Alinituma mimi kwa mgema, kibuyu nimekifunika kanga, naambiwa nikiulizwa niseme ni maziwa. Na chachu hii ilianzia kwenye kopo lake. Umeila tangu unanyonya. Sasa mimi nifungiwe mizigo kwa lipi?"

Mzee Ausi alikaa kwenye kiti, akajifuta uso kwa kiganja.

"Kabla yako nilikuwa natumwa mimi," alisema. "Na mimi nilisema ni maziwa."

Shadya hakulitarajia hilo.

"Mama alilitia kwenye unga, likapita motoni, likaisha," aliendelea mzee. "Siku mgema alipokosa alitumia hamira ya duka, wala hakuhangaika. Nami mambo yale sikuyapenda, lakini hayakunitisha. Kinachonitisha ni mtu kukikumbuka kitu." Akamgeukia mkwewe. "Wewe unaikumbuka?"

Shadya alimwomba Mungu Sufiani adanganye, mara moja tu maishani.

"Kila siku, Mzee."

Ilimuuma Shadya. Alidhani ni ubishi, ni mchezo wa mwanamume aliyekosa shughuli. Hiyo ya kila siku hakuwahi kuambiwa.

"Na hii unayochemsha ukiinywa, inakutosha?"

"Sijawahi kuinywa."

Shadya alitaka kucheka kwa dharau, kisha akakumbuka. Kikombe puani, macho yamefumbwa, kikombe mkononi mwake yeye. Alirudi nyuma kwa mawazo, kimoja kimoja, cha shubiri, cha ndimu, cha balungi, na hakuona hata kimoja kilichogusa midomo ya Sufiani.

"Naogopa," alisema Sufiani. Alisema polepole, anaangalia sakafu iliyolowa. "Nikionja nikakuta siyo, nitaitaka yenyewe. Nikionja nikakuta ndiyo, sijui nitaishia wapi. Kwa hiyo anaonja Mama Hafidha."

"Sasa utajuaje kama umeipata?" aliuliza Mzee Ausi.

"Yeye ataniambia."

Shadya alitoka akaenda uani. Ndoo ilikuwa pale pale alipoisukuma, ule mchemsho wa asubuhi ambao haukutiwa chachu wala haukufungwa, maji na majani tu. Alichota kikombe. Wote wawili walimfuata mpaka mlangoni, mumewe ana tambara la kudekia mkononi, baba yake nyuma. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kama alivyofundishwa, akameza. Kulikuwa na mwarobaini, na balungi, na moshi, na mbali kabisa iliki ya sufuria lake. Kulikuwa na ubaya wa kutosha.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Sufiani alishika mlango. "Una hakika?"

"Chungu mbele, chungu nyuma, na chungwa linabaki ulimini. Umeipata, Baba Hafidha. Hakuna tena cha kuongeza."

Alimtazama mkewe usoni, alivyokuwa akimtazama kila alipoonja, na Shadya hakupepesa. Kisha Sufiani akavuta pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyeshusha gunia. Hakuomba kikombe. Aliibeba ndoo kwa mikono miwili, akaimwaga yote kwenye mpapai karibu na ukuta, akaisuuza. Halafu akalichukua sufuria kubwa, akachuchumaa na mchanga, akaanza kulisugua, na safari hii hakuna aliyemwambia.

Mzee Ausi alitafuta viatu vyake. Habari ya mizigo hakuirudia. Shadya alimfungia kwenye gazeti vitumbua vilivyobaki, vya njiani, akamsindikiza mpaka mlango wa mbele, na hapo mzee akainamisha kichwa kwake.

"Ulishawahi kuionja hiyo bia?"

"Sijawahi, Baba."

Mzee Ausi alifungua gazeti, akatoa kitumbua kimoja, akakiuma. Akatafuna kwa muda.

"Kichungu," alisema, na akakimaliza.