Hakufika Hamsini na Tatu

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Wanafunzi walipanga mistari mbele ya ukuta mpya wa shule. Mwalimu wa hesabu alisimama nyuma yao, damu ikimchemka. Walimwita Mama Baki, kwa kuwa hakuchoka kuuliza, "Baki ngapi?"

Ukutani vilibandikwa vigae tisini na kimoja, kimoja kwa kila mwaka wa shule. Kila kigae kiliandikwa 1, na vyote kwa pamoja vilisomeka kama namba moja ndefu kutoka langoni hadi kwenye ngazi. Chini yake fundi wa rangi alikuwa ameandika, kwa agizo la Mkuu wa shule: NAMBA TASA. HAIGAWANYIKI. KAMA SISI.

Ijumaa, kiranja mkuu, binti wa dada yake Mkuu, alimwambia Mkuu mbele ya wenzake kwamba namba hiyo inagawanyika. Leo alitakiwa aombe radhi, la sivyo avue beji.

"Mjomba," binti alianza.

"Mjomba yuko nyumbani. Hapa kuna Mkuu."

"Mkuu, vigae ni saba mara kumi na tatu."

"Hiyo ni idadi ya vigae! 1009 ina tarakimu nne, na nne inagawanyika. Je, 1009 inagawanyika? Thubutu!"

"1009 si moja tupu. Hizi ni moja tupu, Mkuu. Ukizikata saba saba, kila fungu ni lile lile, ila linafuatwa na sifuri. Kinachogawanya fungu moja kinagawanya namba nzima."

Mkuu alicheka. "Jumamosi nzima nimekesha na karatasi. Nimejaribu mbili, tatu, tano, mpaka hamsini. Haikuingia hata moja. Na wewe uliyezaliwa juzi unanifundisha?"

Mama Baki hakuvumilia tena. Alipenya katikati ya mistari. "Mpaka hamsini? Mkuu, umefika mlangoni ukageuza. Jaribu hamsini na tatu."

Ubao wa matangazo ulikuwa pale pale. Mkuu alichukua chaki kwa madaha, akaanza kugawanya, akishusha moja baada ya moja. Mara baki thelathini na nne, mara thelathini na moja. Kwenye moja ya kumi na tatu, chaki ilisimama.

"Baki ngapi?" sauti iliuliza kutoka mistari ya nyuma. Kicheko kilipita kama upepo.

Mkuu alitazama ukuta. Baada ya moja hizo kumi na tatu zilifuata kumi na tatu nyingine, kisha nyingine, mafungu saba kamili. Hakuhitaji kuendelea.

"Sifuri," alisema. Kisha akainua kidevu. "Hesabu ni hesabu, adabu ni adabu. Ataomba radhi kwa kunisahihisha mbele za watu."

"Loo!" Mama Baki alisema. "Kumbe angekosea angesamehewa! Kosa lake ni kupatia. Mkuu, mzigo huu umeufunga mwenyewe, usimtwishe mtoto."

"Mwalimu, chunga ulimi wako."

"Nauchunga tangu Ijumaa. Ndiyo maana nao umechoka."

Binti alifungua pini ya beji. 

"Jioni nitakuamkia, Mjomba, kama kawaida. Lakini kwa jibu lililo sahihi, radhi sina."

Aliiweka beji kando ya chaki.

Mkuu aliitia beji mfukoni, akaenda ofisini, akafunga mlango. Fundi wa rangi alifuta NAMBA TASA na HAIGAWANYIKI. KAMA SISI akaiacha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aifute. Mama Baki aliitwa apendekeze kiranja mwingine, akakataa. Wanafunzi walikwenda darasani. Binti aliketi kwenye kiti chake cha mbele, akafungua daftari, akaanza kuigawanya 1111111, lile fungu lake.