Jina la Rostom Mezani

Vumbi la kijiji chetu ni jekundu, babu Rostom, na jua la Oktoba likilipiga hukaa hewani kana kwamba halina haraka ya kushuka. Lipo juu ya mizabibu. Lipo juu ya makaburi yetu, yaliyochorwa kwa herufi za Kiarmenia upande huu na za Kijojia upande ule. Lipo juu ya paa la nyumba iliyokuwa yetu, ikawa ghala la ngano la serikali, na sasa ni yetu tena, pamoja na panya wake. Mimi ni binti wa mwanao. Hatukuwahi kuonana, lakini leo nina habari ya kukupa.

Unazijua karamu za ukoo. Mkuu wa meza husimama na pembe ya divai, huwataja marehemu mmoja baada ya mwingine, nasi kila mtu hudondoshea mkate wake tone moja kwa kila jina. Anayetajwa hupata tone. Asiyetajwa hapati kitu. Wewe, babu, hujawahi kupata tone tangu ufe.

Baada ya baba yako, Simon, huja mdogo wako, Levan. Baina yao ndipo mahali pako, na hapo ndipo wanaporuka. Mwaka juzi waliruka, mwaka jana wakaruka, na mimi nikainamisha uso nikala jibini.

Njiani kuja karamuni, shangazi Takuhi, binti yako, alinishika mkono. Daktari hakumpa matumaini ya kuuvuka msimu wa baridi, na kila anapopanda ngazi napata hofu. Akaniambia, "Nataka kumnywea baba yangu mezani pa ukoo, mara moja tu. La sivyo nitakwenda kumwambia nini?" Nikamfunga kilemba chake vizuri.

Basi tukaketi, watu arobaini, chini ya mzabibu. Mkuu wa meza alikuwa Gaioz, mwana wa Levan, aliyezaliwa uhamishoni katika theluji na kumpoteza baba kabla hajajua kutamka "baba". Sauti yake ni nzito na nzuri. Ningependa kumchukia, lakini siwezi.

"Kwa Barsegh!" alisema. Barsegh aliyeteremka kutoka Armenia na upanga mmoja na nyumbu wawili, akamtumikia mfalme wa Jojia mpaka akapewa mabonde matatu. Tukadondosha.

"Kwa Zaal!" Zaal aliyesali asubuhi kwa Waarmenia na jioni kwa Wajojia, asimuudhi mama wala mke. Tukacheka, tukadondosha.

"Kwa Manuchar!" Manuchar aliyekwenda Petersburg akacheza kamari mpaka bonde zima likaondoka.

"Huyo mpe maji!" mtu akapaza sauti kutoka mwisho wa meza.

"Mpeni divai," Gaioz akajibu. "Alikuwa mjinga, lakini ni mjinga wetu."

Tukadondosha, babu. Mcheza kamari alipata tone lake, na mimi nikakasirika.

Najua kwa nini wanakuruka. Tangazo lile ulilotoa gazetini, serikali ilipowataka wana wa makabaila wawakane baba zao, kila mtu analijua kwa moyo: "Mimi Rostom natamka kwamba kabaila Simon, mnyonyaji na kupe, si baba yangu tena." Levan alikataa kutangaza hivyo, akakamatwa. Wewe ulitangaza. Majuma matatu baadaye wakamchukua Simon, akafia gerezani. Wewe ukabaki unafundisha hesabu, watoto wako wanne wakabaki shuleni, na baba yangu akakua akanizaa. Nimekuonea haya maisha yangu yote, na nimekushukuru maisha yangu yote.

"Kwa Simon," Gaioz akasema, "mwinyi wetu wa mwisho." Meza nzima ikasimama. Kisha, kama adabu ya meza inavyotaka, akampokeza mtu mwingine neno ili amkamilishie. Akampokeza shangazi, kwa kuwa ni yeye pekee aliyebaki kati ya waliomwona Simon kwa macho.

Shangazi alijishikiza begani kwangu.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Nilikuwa nachambua maharage. Baba alikuwa na kalamu, na babu Simon alikuwa anamtajia cha kuandika."

"Unasema nini, dada?" Gaioz akauliza.

"Tangazo ni la babu mwenyewe. Baba aliandika 'mwinyi Simon.' Babu akamwambia, 'Mwinyi! Hilo nalo tusi? Weka kabaila na mnyonyaji.' Baba akaweka. 'Weka na kupe.' Baba akasema, 'Hilo siandiki.' Babu akapiga meza, maharage yangu yakatawanyika. 'Andika, punda wewe! Levan wamemchukua, kesho ni mimi. Nani atawalea hawa wanne? Ukinitukana kwa adabu hawatakuamini!' Baba aliharibu karatasi tatu kwa machozi. Ya nne niliandika mimi. Babu akaisoma, akanibusu, akasema mwandiko wangu ni mzuri."

Shangazi akazidi kuniegemea, na nilimwogopea.

"Miaka sitini," Gaioz akasema. "Miaka sitini, dada, umekaa na neno hili."

"Baba aliniapisha. Babu alimsihi Levan pia aandike. Alimpigia magoti, mzee mzima, na Levan akakataa. Baba akasema, 'Mtoto wa Levan hana baba, ana sifa za baba tu. Usimwambie kwamba baba yake angeweza kubaki nyumbani, kwa baraka za babu.' Nisamehe, mdogo wangu. Nimekwambia."

Gaioz aliketi. Aliutazama mkate wake, mwanamume wa karibu miaka sitini, na uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa upya. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Mkewe akaweka mkono mgongoni pake.

Akanyanyuka. Akaijaza pembe mwenyewe, divai ikamwagikia kwenye mkono wa shati, hakujifuta.

"Kwa Rostom," akasema, "mwana wa Simon."

Watu thelathini na tisa wakadondosha, babu. Niliona mkate wa kila mtu ukiwa mwekundu, na nililia bila kujificha.

Shangazi peke yake hakudondosha. Alikuwa ameishika bilauri yake kwa mikono miwili.

"Sijasikia vizuri," alisema. "Hebu sema tena."

Alikuwa amesikia. Nilikuwa kando yake, niliona jinsi alivyosikia, na Gaioz aliona pia.

Akasema tena.